Mchezaji Akikabidhiwa Ofisi

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Je, atatunzwaje yule aliyekatazwa kucheza kwao? Kila mchezaji mashuhuri anayeacha uwanja na kukabidhiwa uongozi wa michezo hana budi kulijibu swali hilo.

Mfano ni Dakta Ali Bacher wa Afrika Kusini. Mwaka 1970 alikuwa nahodha wa timu ya kriketi iliyoishinda Australia katika mechi zote 4. Lakini ilikuwa timu ya Wazungu watupu. Mwaka huo huo ziara yao ya Uingereza ilifutwa, na mataifa yakawafungia mlango kwa sababu ya ubaguzi.

Katika miaka ya 1980 Bacher, akiwa sasa msimamizi wa kriketi, alijaribu kupitia dirishani. Wachezaji wa kigeni waliletwa kwa fedha nyingi, kinyume cha mgomo wa mataifa. Kweli, chama chake kilipeleka mchezo huo kwa watoto wa vitongoji vya Waafrika. Lakini hisani haiwezi kushika mahali pa haki. Januari 1990 ilipofika timu ya Mike Gatting kutoka Uingereza, wafanyakazi wa hoteli walikataa kuihudumia, na wananchi wakaandamana nje ya viwanja. Ziara ikakatizwa.

Hapo ndipo nahodha wa zamani alipojifunza kazi ya uongozi. Aliketi na wale waliokuwa wakimpinga, kwa upatanishi wa Steve Tshwete wa chama cha ANC, na Juni 1991 vyama viwili vya kriketi vikaungana kuwa kimoja. Novemba mwaka huo Afrika Kusini ikacheza India. Mwaka 2003 Bacher huyo huyo alisimamia Kombe la Dunia lililochezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya; na Kenya, baada ya kuishinda Sri Lanka mjini Nairobi, ikafika nusu fainali.

Ndugu wasomaji, ustadi wa uwanjani ni sifa njema, lakini peke yake hautoshi. Nahodha huwaongoza watu 11. Msimamizi hutumikia pia maelfu walio nje ya ua. Basi tunapochagua viongozi wa vyama vyetu vya michezo, tusiulize tu huyu alishinda mara ngapi. Tuulize pia ni nani atakayefunguliwa mlango.