Mwenye Mali Apewe Ufunguo

Anunuaye baiskeli hakatazwi kuitia upepo kwa pampu ya kampuni nyingine. Mbona vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya havina uhuru huo? AirPods za Apple hupokea muziki vizuri kutoka simu ya Android kwa njia ya Bluetooth; lakini programu iliyomo ndani yake haisasishwi ila kwa iPhone, iPad au Mac. Asiye navyo huambiwa aende kwenye duka la Apple au kwa fundi aliyeidhinishwa.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Juni 2024 Apple ilitoa programu mpya ya kuziba kasoro: mtu aliye karibu aliweza kuvidanganya vipokea sauti, vikamdhania ndiye mwenyewe. Mwenye Android hakuweza kuipata dawa hiyo kwa simu yake.

Je, haiwezekani? Yawezekana sana! Beats ni mali ya Apple tangu 2014, na vipokea sauti vyake vingi husasishwa kwa Android. Basi kilichopungua si ufundi, ni nia.

Kuuza ni kuuza. Aliyekwisha kulipa fedha yake apewe na ufunguo.