Kuta si nyumba: tunataka injeniere wa kukataa sahihi

Ndugu raia, vijana wenzetu wa Kapolowe, Likasi, Kambove, Lubumbashi na popote munapotusoma,

Tumechoka kupigia kuta makofi. Jengo linazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, halafu tunaambiwa: "Munaona? Tumewajengea." Ukiingia ndani, robine iko, maji hakuna. Ampuli iko, kuran hakuna. Madirisha yako, hewa haipite. Choo kiko, lakini kimechimbwa mlangoni mwa kisima. Mama anayekuja kuzaa anaambiwa alete ndoo yake na taa yake. Sasa hii ni hospitali ama ni depo ya joto?

Sisi tunasema: ni kuta. Nyumba bado.

Wengi wanasema sababu ni wizi. Wizi uko, hatutauficha. Lakini kuko jambo lingine ambalo halisemwi kwenye redio. Siku ya kupokea jengo, upande wa raia mara nyingi hakuna mtu anayejua akague nini. Antreprenere analeta karatasi. Msimamizi anatazama rangi, anagonga mlango, anahesabu mabati, anatia sahihi. Nani aliuliza waya wa ardhi uko wapi? Nani alipima nguvu ya maji kwenye robine ya mwisho? Nani alihesabu hewa inayoingia kwenye chumba cha wagonjwa? Yule mtu si lazima awe mwizi. Hajasomea, basi. Na antreprenere anajua kwamba hajasomea.

Ndiyo maana leo tunasema juu ya masomo. Tunataka masomo ya masta ya mambo yote yanayofanya jengo liishi: umeme, maji safi, maji machafu, hewa, joto na baridi, ulinzi wa moto. Uingereza hii ni kazi kamili ya injeniere, yenye chama chake na diploma zake za juu. Kwetu inahesabiwa kazi ya kumalizia. Kuta zikiisha, ndipo wanaita fundi: "We kijana, pitisha waya humu."

Tusieleweke vibaya. Hatudharau mafundi. Wale vijana wanaopanda nguzo na kufungua tiyo kwenye matope ndio wanaotuweka hai. Lakini fundi analipwa jioni na antreprenere yuleyule. Atamkatalia namna gani? Mtu wa kukataa anapaswa kuwa na vitu viwili: hesabu mkononi, na sahihi ambayo bila yake jengo halipokelewe. Huyo ndiye tunayetaka atoke shuleni.

Hesabu zenyewe ni hizi

Tuanze na maji. Tanki ikiwa juu ya robine kwa mita 10, robine inapata nguvu ya bari 1 hivi. Ukiiweka juu kwa mita 2 tu, unapata bari 0,2. Kwenye karatasi tanki iko, imelipwa, imepigwa picha. Kwenye chumba cha kuzalia maji yanadondoka sawa machozi.

Tuone hewa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya hewa ya asili ndani ya hospitali: lita 60 kila segonde kwa kila mgonjwa katika vyumba vya kawaida, na lita 160 pale ambapo kuko ugonjwa unaopita kwa hewa, sawa kifua kikuu. Chumba cha vitanda 10 kinaomba lita 600 kila segonde. Kazi hiyo inaweza kufanyika bila mashine: madirisha yanayotazamana, tundu za juu za kutoa joto, jengo lililogeuzwa kufuata upepo. Lakini ni lazima mtu aihesabu mbele ya kuweka msingi. Ukuta ukishasimama, hewa haiombwi kwa maneno.

Kuko moto. Waya mwembamba ukibebeshwa frigo, rejo na klimatizeri kwa pamoja, unapata moto ndani ya ukuta, polepole, siku kwa siku. Usiku mmoja unawaka. Asubuhi watu wanatafuta mchawi, na mchawi ni unene wa waya na disjontere ambayo hakuna aliyeichagua kwa hesabu.

Kuko choo. Kanuni inayotumiwa sana katika kazi za dharura ni kwamba shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kwenye maji ya kunywa, na udongo wa mahali unaweza kuomba zaidi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa la Tshangalele hatuhitaji kuelezwa kolera ni nini. Tunahitaji mtu mwenye kushika mita siku ya kuchimba.

"Hamuna hata umeme, munataka kusomea klimatizeri?"

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na watu wanacheka. Tunajibu bila kucheka.

Kwanza, umeme uko. Mwadingusha iko hapa kwetu, kwenye maji ya Lufira, tangu mwaka 1930, wakati ilipoitwa Francqui. Ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na mpaka leo migodi ndiyo inakula kwanza. Mwaka 2021 mashine zake 6 zilimaliza kufufuliwa kwa pesa za mgodi wa Kamoa-Kakula pamoja na SNEL, karibu megawati 78. Kazi nzuri, hatukatai. Lakini waya mkubwa unapita juu ya vichwa, na chini yake kuko nyumba ambazo usiku zinawasha buji. Siku ambayo tutapata haki yetu juu ya umeme huo, na tutaipata, tutauingiza katika majengo gani? Haya yenye waya wa kuunguza watoto?

Pili, pale ambapo umeme ni kidogo ndipo injeniere huyu ana kazi zaidi. Tajiri anaweza kununua klimatizeri na grupu ya kuiendesha, akafunika makosa ya jengo kwa mazuti. Maskini hawezi. Nyumba yake ni lazima iwe na akili.

Mifano haiko mbali. Pita Kasumbalesa, vuka Zambia, fika Harare: kuko jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Mchoraji Mick Pearce na mainjeniere wa Arup walilipanga bila klimatizeri ya kawaida. Usiku feni zinapitisha hewa baridi ndani ya jengo, kuta nene na sakafu zinahifadhi ubaridi ule, na mchana watu wanafanya kazi ndani yake. Kule Burkina Faso, Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando aliyesomea Berlin, alijengea kijiji chake shule iliyoisha mwaka 2001: dari ya udongo yenye matundu, na juu yake bati lililoinuliwa ili joto litoke lenyewe. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika uchoraji wa majengo. Hakungoja umeme ufike ndipo afikirie joto la watoto.

Na sisi? Mwezi wa kumi, bati limewekwa moja kwa moja juu ya vichwa vya wanafunzi, mwalimu anafundisha na jasho linadondoka kwenye kitabu. Ju ya nini? Udongo tuko nao. Upepo tuko nao. Usiku wa Katanga uko na baridi ya bure. Hesabu ndiyo inakosa, na mtu wa kuilinda.

"Wasomi wako mingi, hawana kazi"

Kweli, wako mingi. Tunawajua, wengine ni sisi wenyewe. Lakini tazameni. Sheria 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ambazo kampuni kubwa inagawia kampuni nyingine ziende kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Sheria nzuri. Ila kambi ya mgodi yenye maelfu ya watu inahitaji maji yaliyosafishwa, jiko lenye hewa, vyumba baridi vya dawa na chakula, tiyo za kuzima moto. Kama hakuna Mkongomani aliyesomea kupanga hayo, sheria inabaki jina kwenye karatasi: kampuni ni ya kwetu, anayehesabu anatoka nje, na kijana wa Likasi anabeba ngazi.

Tunaambiwa tena: "Anayetaka, aende ng'ambo." Wangapi wataenda? Nani atalipa viza, tiketi, nyumba, miaka miwili ya chakula? Na anayefika Ulaya anafundishwa kwanza namna ya kupasha nyumba moto wakati wa theluji. Ni elimu, hatuikatai. Lakini theluji haijaanguka Kapolowe. Shida yetu ni bati la Oktoba, mvua ya Januari inayojaza mashimo ya vyoo, na delestaji ya kila jioni. Shida hizi zisomewe hapa, na watu wanaolala ndani yake.

Chuo kikuu cha Lubumbashi kilifungua milango mwaka 1956. Politekniki yake ina jina kubwa katika migodi na kuyeyusha madini, na tunaiheshimu. Wazee wetu walioendesha Gécamines wengi wamepita pale. Lakini politekniki ile ilijengwa ikitazama chini ya ardhi. Sasa ni wakati itazame pia watu wanaoishi juu yake. Kijana anayetaka kujua umeme, maji na hewa ya jengo zima asilazimishwe kuokota kipande kwa elektromekanike, kipande kwa ujenzi, kipande kwa YouTube.

Na wakati ni huu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu imeingia katika mfumo wa LMD: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta. Programu zinaandikwa upya. Tusiponena leo, zitaandikwa bila sisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta kila mwaka, na ufa tunauacha.

Pesa ziko

Tusidanganywe kwamba pesa hakuna. Sheria ya Madini ya Machi 2018 inagawa redevansi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya mahali ambapo mgodi uko, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inapaswa kuweka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Wanasema "vizazi vijavyo". Eh, wakubwa, tumeshafika. Tuko hapa, tuko na diploma mkononi, tunangoja mlango.

Tunachoomba

1. UNILU na Université de Likasi, pamoja na wizara ya elimu ya juu, wafungue masta ya miaka miwili ya umeme, maji, hewa na usalama wa majengo, na nusu ya masomo yafanyike kwenye shantie.

2. Kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi ifanywe juu ya jengo moja la raia lililo hai: shule, kituo cha afya, soko, geresho. Alipime, alichore, ahesabu bei ya kulitengeneza, na karatasi yake ipewe watu wa mahali, isilale kwenye kabati ya profesa.

3. Sehemu ya redevansi ya jimbo na ya mamlaka zetu ilipe bursari na vyombo vya kupimia, na wasichana wasiachwe mlangoni.

4. Jengo lolote la pesa za raia lisipokelewe bila sahihi ya injeniere aliyesomea mambo haya, asiyelipwa na antreprenere. Ripoti yake ibandikwe kwenye mlango, ili kila mtu aisome.

5. Kampuni za migodi zipokee wanafunzi hawa kwa staji ya kweli, wawekwe mbele ya michoro na hesabu.

Na wewe kijana unayetusoma kwenye simu, usingoje masta ifunguliwe. Kwenye uzinduzi wa karibu utakaoalikwa, enda na maswali matano: maji yanatoka wapi, na robine ya mwisho inatoa? Waya wa ardhi uko wapi? Hewa ya moto inatokea wapi? Choo kiko mita ngapi kutoka kisima? Moto ukiwaka, watu wanatokea mlango gani? Uliza kwa heshima, kwa sauti, mbele ya watu. Andika majibu na jina la anayejibu. Akikosa jibu, andika hivyo pia, utupelekee.

Sisi, vijana raia wa Kapolowe na Likasi.