Nani Atapokea Simu Kifaa cha Asiyeona Kikizima?

Mwaka 2020 watu waliokuwa wamepandikizwa jicho la kielektroniki walianza kugundua, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawana tena wa kumpigia simu. Kifaa chao kiliitwa Argus II, kazi ya kampuni ya Second Sight ya California. Kamera ndogo kwenye miwani ilinasa picha, kompyuta iliyovaliwa kiunoni ikaichakata, kisha ishara zikarushwa hadi kwenye kipandikizi chenye vituo 60 vya umeme kilichobandikwa kwenye retina. Mtu aliyepofuka kwa ugonjwa wa kurithi wa retina aliweza tena kutofautisha mwanga na giza, au kutambua palipo na mlango. Bei ilikuwa takriban dola 150,000 za Marekani, upasuaji ukiwa kando, na zaidi ya watu 350 duniani walipandikizwa.

Kampuni iliacha kukitengeneza mwaka 2019. Machi 2020, ikiwa imechungulia kaburi la ufilisi, ikawaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake. Jarida la IEEE Spectrum, lililochunguza kisa hicho na kukichapisha Februari 2022, lilimpata mgonjwa mmoja aliyepata habari hizo kwa kumpigia mtaalamu aliyekuwa akimfundisha kutumia kifaa, ambaye naye alikuwa ameachishwa kazi. Baadaye mgonjwa huyo huyo alishikwa na kizunguzungu, madaktari wakataka apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya MRI. Swali likawa moja: je, kipandikizi kitahimili sumaku ya mashine ile? Kampuni ilitafutwa, haikujibu. Mwingine, Mholanzi, aliangusha kompyuta yake ya kiunoni ikavunjika. Aliipata nyingine kwa hisani ya daktari na wagonjwa wenzake, si kwa msaada wa aliyemuuzia.

Ni kisa cha kutisha kwa sababu kifaa kiko ndani ya jicho. Lakini kinachoonekana pale kwa ukubwa wa kutisha hutokea kila siku kwa vifaa vya kawaida zaidi, na wanunuzi, hasa serikali na wafadhili, bado wanajifanya hawakioni. Teknolojia saidizi hununuliwa kama meza: inafika, inapigwa picha, inakabidhiwa, basi. Anayebaki nayo ndiye anayejua kwamba huduma kwa mteja ni sehemu ya kifaa chenyewe, sawa na betri.

Fikiria kompyuta iliyogoma. Anayeona atasoma ujumbe kwenye skrini, atakunja uso, ataizima na kuiwasha. Asiyeona hutegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti, na sauti ikikatika hajui kama mashine imezima, inajisasisha, au kuna dirisha limejitokeza linasubiri abonyeze "Sawa". Anapiga simu ya huduma kwa wateja. Kijana wa upande wa pili, kwa upole wote, anamwambia abofye kitufe cha bluu kilichopo kulia. Akiamua kuandika badala ya kupiga, fomu inamtaka kwanza athibitishe kuwa si roboti kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani. Akivuka hapo, anaulizwa namba ya mashine, ambayo imechapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kompyuta. Hapo ndipo mtoto wa jirani anapoitwa.

Si kwamba njia bora haijulikani. Programu ya kusoma skrini ya JAWS, maarufu kuliko nyingi katika ofisi za dunia nzima, ilizaliwa Florida mikononi mwa Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano aliyepofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978. Mwaka 1987 alianzisha kampuni pamoja na Bill Joyce. Mmiliki mwenyewe alikuwa mtumiaji, na jambo hilo lilibadilisha maana ya malalamiko ya mteja. Miaka ishirini hivi baadaye, vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianzisha NVDA, programu ya bure ambayo leo inafanya kazi zilezile. Microsoft, ambayo kwa miaka mingi iliwaachia wengine kazi hiyo, ilifungua mwaka 2012 dawati maalumu la kuwahudumia wateja wenye ulemavu.

Hata zana za kutoa msaada zimeboreshwa. Fundi wa kawaida anayeingia kwenye kompyuta ya mteja kutoka mbali huiona skrini tu. Hasikii kile mteja anachosikia, na asipokisikia hawezi kujua tatizo liko wapi. JAWS ina kipengele kiitwacho Tandem kinachomwezesha msaidizi kusikia matamshi yale yale anayoyasikia mteja, na NVDA imeingiza uwezo wa namna hiyo ndani ya toleo lake la 2025.1, bila malipo. Maana yake mwalimu asiyeona aliyeko Mwanza anaweza kumrekebishia kompyuta mwanafunzi asiyeona aliyeko Lindi, wote wawili wakiwa hawajagusa kipanya.

Biashara nayo ina somo lake. Mwaka 2014 programu ya Window-Eyes, mshindani wa JAWS, ilitolewa bure kwa waliokuwa na Microsoft Office. Wengi walishangilia, lakini msaada wa kiufundi kwa watumiaji hao wapya ulikuwa wa kulipia. Mtu angesema huo ni ujanja. Kwa kweli ulikuwa uwazi ambao wauzaji wengi hawana: programu inaweza kuwa ya bure, ila muda wa mtu anayejua kukuelekeza haujawahi kuwa wa bure. Miaka mitatu baadaye, Mei 2017, Window-Eyes ilisitishwa baada ya kuangukia mikononi mwa kampuni ile ile iliyomiliki JAWS. Wateja waliokuwa wamelipia walitengenezewa njia ya kuhamia JAWS. Mtu aliyezoea amri za kibodi kwa miaka hupoteza mengi anapohama, lakini angalau hawa waliambiwa, na walionyeshwa pa kwenda.

Sasa inakuja akili bandia. Be My Eyes, programu ya simu iliyoanzishwa na Mdenmaki Hans Jørgen Wiberg mwaka 2015 ili wanaojitolea wamsomee asiyeona kile kilicho mbele ya kamera yake, iliongeza mwaka 2023 msaidizi wa akili bandia anayeeleza picha. Microsoft ikamuweka kwenye dawati lake, na ikatangazwa kwamba ni mteja mmoja tu kati ya kumi aliyehitaji kupelekwa kwa binadamu. Ni habari njema, pengine. Lakini huyo mmoja wa kumi ndiye kipimo cha huduma, kwa kuwa aghalabu ndiye mwenye tatizo ambalo halijaandikwa popote. Kampuni ikimfukuza binadamu kwa sababu mashine inatosha kwa wale tisa, wa kumi ataishia walikoishia wateja wa Second Sight.

Afrika Mashariki tatizo lina sura yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Takwimu hizo huwafanya viongozi wawaze kununua vingi zaidi. Anayeuliza vile vya mwaka juzi viko katika hali gani haonekani.

Mashine ya nukta nundu ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham huko Massachusetts na kuanza kuzalishwa 1951, ni chuma cha vitufe tisa kisichohitaji umeme, na bado ndiyo kalamu ya mwanafunzi katika shule kama Buigiri, Dodoma. Ikisafishwa na kutiwa mafuta hudumu miongo. Ikikosa fundi aliyefunzwa na kipuri kimoja kidogo, huwekwa kabatini, na mtoto hugawana mashine na mwenzake siku ya mtihani. Kwa kompyuta hali ni mbaya zaidi. Leseni ya JAWS ikipotea baada ya mashine kufomatiwa, programu huzungumza kwa dakika 40 kisha humtaka mtumiaji awashe upya kompyuta. Ikiwa saa mbili asubuhi Dodoma, Florida ni usiku wa manane, na hata wakiamka watajibu kwa Kiingereza. Wengi huishia kutumiana ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, wasioona wakiwasaidia wasioona, bila mshahara wala cheo. Hao ndio huduma kwa wateja ya ukanda huu, na hakuna bajeti inayowataja.

Sheria haina upungufu hapa. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, inazitaka serikali zitoe taarifa zinazofikika kuhusu vifaa na teknolojia saidizi, na pia kuhusu huduma za msaada. Kinachokosekana kiko kwenye karatasi za zabuni. Wizara inayonunua kompyuta za wanafunzi wasioona iandike kwenye mkataba namba ya simu ya hapa nchini, anayepokea aongee Kiswahili na awe amefunzwa programu husika, vipuri viwe na muda maalumu, na muuzaji aseme mapema nini kitatokea akifunga duka. Na watakaopokea simu hizo waajiriwe miongoni mwa wasioona wenyewe. Ujuzi wanao, tena wameupata kwa gharama yao. Mfadhili anayeona masharti haya yanaongeza gharama apunguze idadi ya vifaa. Kumi vinavyofanya kazi vinafaa kuliko thelathini vya kupigia picha.

Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vina nafasi, kwa sababu simu na kompyuta za wasioona huishia kwa mafundi wale wale wa Kariakoo na mitaa mingine. Kuna fundi anayeletewa simu inayoongea, akakerwa na kelele, akaizima sauti ili afanye kazi vizuri, kisha akamrudishia mwenyewe simu bubu. Hana nia mbaya, hakufundishwa. Basi fundi anayesoma hapa ajue: kwenye simu nyingi za Android, kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache hurudisha TalkBack, msomaji wa skrini wa simu hizo, na kwenye Windows 10 na 11, kubonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja huamsha msomaji wa skrini aliyemo ndani ya mashine. Afanye hivyo kabla hajamkabidhi mteja kifaa chake, na amsubiri asikie sauti ndipo apokee malipo.