Wagonjwa Wanateka Maji Wapi?

Mtu akiletwa zahanati anaharisha na kutapika, tunaandika jina, umri na kijiji. Mimi naona hayo hayatoshi. Tuandike pia kitongoji chake na kisima anachoteka maji. Kisha tuchore ramani ya kijiji na kuweka alama kwenye kila nyumba yenye mgonjwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, mjini London, Uingereza. Watu zaidi ya 600 walikufa. Wakubwa wengi walisema ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow hakukubali. Alifuatilia nyumba zenye vifo akiuliza: maji mliteka wapi? Akaona vifo vingi viko karibu na pampu ya Broad Street. Lakini jirani na pampu palikuwa na kiwanda cha bia, na wafanyakazi wake hawakufa. Walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Walevi wasifurahi, siri ilikuwa maji.) Tena mama mmoja wa Hampstead, mbali na hapo, alikufa. Kumbe aliyapenda maji ya pampu ile, akawa analetewa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu lilikuwa karibu sana na kisima, na uchafu ulipenya.

Kuhesabu alama tu kunaweza kutudanganya. Tuseme kitongoji cha mlimani kina watu 200 na wagonjwa 10. Cha bondeni kina watu 30 na wagonjwa 6. Hatari zaidi iko wapi? Iko bondeni. Huko ameugua mtu 1 katika kila watu 5, na mlimani mtu 1 katika kila watu 20. Basi kisima cha bondeni kikaguliwe kwanza.

Wapo wanaosema ramani itawaaibisha wenye nyumba. Tusiandike majina, alama inatosha. Wengine watasema hiyo ni kazi ya wataalamu. Lakini nani anazijua njia za kisimani kuliko akina mama wanaoteka maji kila asubuhi? Wao waanze kuchora, hata kwa kijiti ardhini, na anayejua kuandika anakili kwenye karatasi. Wakati huo maji ya kunywa yachemshwe, na anayeharisha aletwe zahanati upesi, hata usiku.