Desemba ya Wachaga iwe na ajenda ya uzee

Kila Desemba stendi ya Moshi hufurika. Wachaga hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Tangu Desemba 2019 hata treni ya abiria inafika tena. Wengine huishia mtaa wa Majengo mjini, wengine hupanda Marangu, Kibosho au Machame. Mbuzi huchinjwa, mbege, pombe ya ndizi, hunywewa, na ukoo hukaa kikao.

Mipaka ya vihamba (mashamba ya ukoo), ada na harusi hujadiliwa. Pensheni nayo iwekwe mezani.

Mwajiriwa wa sekta binafsi huchangiwa asilimia 20 ya mshahara katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180. Muuza mitumba wa Majengo hana mwajiri, lakini NSSF hupokea wanachama wa hiari, na vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, uwekezaji wa pamoja, vipo tangu 2005.

Kupalilia migomba na kahawa ni burudani tamu ya mstaafu. Ila kihamba hugawanywa kila kizazi, na kahawa hailipi kila mwezi. Kabla mabasi ya Januari hayajaondoka, wazee wamuulize kila kijana mwenye kipato: akiba yako ya uzeeni iko wapi?