Pima Kwanza, Ndipo Ulaumu



Juma hili nataka kuwasimulia habari za gari la zahanati ya parokia yetu, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Gari hilo lilijengwa ng'ambo liwe nyumba ya kusafiria. Ndani mna kitanda, sinki, makabati, taa na friji ndogo. Lina betri mbili za volti 12: moja ya kuwasha injini, ya pili ya taa na friji. Kila Jumatatu masista hulitumia kupeleka chanjo vigangoni. Nanyi wazazi mwajua, chanjo hapana budi zikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Zikipata joto huharibika.

Jumatatu tatu mfululizo friji ilizimika njiani. Sista akatazama kipimajoto, akaona digrii 13, akakataa kuchoma sindano. Akina mama waliotoka kwao alfajiri wakarudi na watoto bila chanjo.

Tukanunua betri mpya. Nayo ikafa. Basi mimi karani nikasema: ni dereva huyu, alala na redio na kuwachajia watu simu kwa malipo. Nikapiga taipu barua ya kumwachisha kazi, nikampelekea Padre Paroko atie sahihi. Padre akaisoma yote, kisha akauliza, "Umeme huo umeupima?" Sikuwa na jibu. Akaiweka barua kando, akanituma mjini kumwita fundi.

Fundi alikuja na mita ndogo ya mkononi. Akasema, "Umeme ni kama maji ya mfereji. Yakikosekana shambani, ama hayaingii, ama yanavuja. Tutazame moja moja."

Kwanza, je, yanaingia? Injini ikiwa inanguruma, betri ya mbele ilionyesha volti 14.2, ndivyo ipasavyo. Betri ya friji ilionyesha 12.8 tu. Volti 1.4 zimepotea njiani! Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, na ya pili kwenye chuma cha gari. Hapo yafaa mita isome karibu na sifuri, ikasoma 1.3. Kumbe waya mweusi umefungwa kwa bolti chini ya sakafu, na bolti imeliwa na kutu. Tukaifungua, tukaisugua kwa msasa hata chuma kikang'aa, tukaikaza. Betri ikaanza kupokea volti 14.

Mimi nikadhani kazi imekwisha. Fundi akasema, "Bado. Ugonjwa mmoja haumzuii mwingine."

Pili, je, yanavuja? Injini ikazimwa, na kila swichi ikafungwa. Akaachanisha waya wa hasi na betri, akaupitisha umeme ndani ya mita. Ingawa kila kitu kilikuwa kimezimwa, mita ilisoma ampea 0.8. Akawa anachomoa fyuzi moja moja, mimi natazama mita. Ya sita ilipotoka, mita ikashuka karibu na sifuri. Fyuzi hiyo ilikuwa ya kabati la chini, lenye taa ya wati 10, ambayo hutakiwa kuzimika mlango ukifungwa. Swichi ya mlango ilikuwa imekwama. Taa iliwaka usiku na mchana ndani ya kabati lililofungwa, wala hapana aliyeiona.

Hebu fanyeni hesabu. Tangu Ijumaa jioni hata Jumatatu asubuhi ni saa 60. Ampea 0.8 mara 60 ni 48, karibu nusu ya betri yetu ya 100. Na betri yenyewe haikuwa imejaa tangu mwanzo, kwa sababu ya ile kutu. Dereva hakuwa na hatia yoyote.

Ninyi wenye taa za jua nyumbani, njia ni ile ile. Kabla hamjanunua betri mpya, safisheni na kukaza viungo vya waya, kisha mtafute kinachokula umeme kwa siri. Mkifungua betri, anzeni na waya wa hasi. Mkirudisha, uwe wa mwisho. Msilete moto wala sigara karibu nayo, maana betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Fyuzi ikikatika, msitie msumari wala kipande cha waya mahali pake. Imekatika ili nyumba isiungue.

Barua yangu niliichana. Nikamwendea dereva pale alipokuwa akiosha gari, nikamwambia, "Mzee, nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Yamekwisha, mwanangu," akajibu. "Lakini ungeniuliza, ningekuambia kwamba kabati lile la chini lina joto kila asubuhi."

Jumatatu iliyofuata friji ilisoma digrii 5 mpaka kigango cha mwisho, na watoto wakachanjwa. Wasomaji wangu, kitu kikiharibika nyumbani, mara tunatafuta mtu wa kulaumu, na mara nyingi twamwona yule asiye na wa kumtetea. Tupime kwanza. Tena kabla ya kupima, tumwulize. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ni mimi, Karani wenu