UA LA PINKI LILINIPONZA

  Wiki hii nina stori ya aibu. Sikufumaniwa wala sikutapeliwa. Nilipanda ua, basi.

Kama umewahi kuishi Dodoma unaijua shughuli yake. Mvua zinaanza Desemba, Aprili zimeshaaga, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 570 tu. Kuanzia Mei hadi Novemba ni jua, upepo na vumbi. Sasa mimi nilihamia kikazi mwaka 2019 nikitokea Dar, na akili yangu ikabaki kule kule. Nilipopata chumba na sebule kwa bibi mmoja, nikapanda mawaridi. Yakafa. Nikapanda mengine, nayo yakafa. Wenzangu wanahifadhi maji ya kufulia, mimi nanywesha maua! Washikaji wakanibatiza jina la Bwana Shamba.

Ndipo muuza miche mmoja wa kando ya barabara akanionyesha kitu cha uhakika. Majani membamba, magumu kama ngozi, na maua ya pinki yamejazana kama ya harusini. Akasema, "Hili halijui kiu, kaka." Nikamuuliza linaitwaje. "Ua la pinki." Nikalipa, nikasepa.

Na kweli hakunidanganya. Mwaka wa kwanza nililimwagilia mara mbili kwa wiki, wa pili nikalisahau kabisa, nalo Oktoba likachanua ile mbaya. Warembo wa mtaani wakawa wanakuja kupiga picha getini. Kilichonifurahisha zaidi, mbuzi hawakuligusa. Mbuzi wa Dodoma mnawajua, akikosa majani atakula hata gazeti hili unalosoma. Badala ya kujiuliza kwa nini wanalikwepa, mimi nikawa najisifu tu.

Jumamosi moja nikalipogoa, matawi nikayatupa nje ya uzio. Yakanyauka hapo. Siku ya pili mbuzi jike wa bibi, tena mwenye mimba, akayakuta. Jioni akawa anatoa mate na kutetemeka. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekufa.

Vijana walishatoa kisu wamgawane nyama. Bahati nzuri bwana mifugo akawahi kufika. Akamfungua mbuzi mdomo, akatoa kipande cha jani. Akautazama uzio wangu, kisha akanitazama mimi.

"Nani kapanda oleanda hapa?"

Ndiyo siku niliyolijua jina. Akatueleza kwamba sumu ipo kila mahali, kwenye jani, ua, tawi, mzizi, hata kwenye moshi ukilichoma. Inashambulia moyo. Jani bichi ni chungu, ndiyo maana mbuzi huliacha. Likinyauka uchungu unapungua, lakini sumu inabaki pale pale. Akaamuru nyama isiliwe, tukachimba shimo na kumzika mbuzi.

Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu. Nilikumbuka kwamba wiki ile ile mjukuu wa bibi, wa miaka minne, alikuwa kibarazani kwangu anapika "chai" ya maua ya pinki kwenye kifuu cha nazi. Na mimi nilicheka, nikamwambia anikaribishe!

Nikaenda kwa bibi nikiwa nimeinamisha kichwa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Usilie, mbuzi utanilipa. Yule mtoto je, ungenilipa nini?"

Jamani, sikuwa na jibu. Mbuzi nilimlipa kwa miezi miwili. Ua nililing'oa siku ile ile, nimevaa glavu, nikalifukia kwenye shimo refu bila kuchoma hata tawi.

Nisilionee lakini. Kwao ni nchi za pembezoni mwa bahari ya Mediterania, na huota kwenye mabonde ya mito inayokauka kiangazi, kama makorongo yetu haya. Kule Hiroshima, Japani, ndilo ua rasmi la jiji, kwa sababu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuchanua baada ya bomu la 1945. Ni ua jasiri, ila si la nyumba yenye watoto na mifugo. Mtu akilila, usikae kumnywesha maziwa. Mkimbize hospitali na ubebe tawi ukawaonyeshe.

Sasa hivi pale nimepanda rozmari, nayo asili yake ni huko huko Mediterania. Kata ncha ya tawi kama sentimita 12, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye mchanga, weka kivulini na ulinde unyevu mpaka itoe mizizi. Kisha hamishia juani, mahali maji hayatuami. Ikishashika, kinachoiua upesi ni kumwagiliwa kupita kiasi. Vimaua vyake ni vya bluu, nyuki wanavipenda, na majani yake unapaka kwenye nyama choma. Bibi mwenyewe siku hizi huja kuchuma bila hodi.

Picha zimepungua, nakiri. Warembo bado wanaulizia lile la pinki. Ila yule mtoto anaendelea kupika chai yake kibarazani kwangu, na mimi nalala usingizi.

Kwa hiyo mshikaji, mchumba huwezi kumpeleka nyumbani bila kujua jina lake na kwao ni wapi. Basi na mche uulize hivyo hivyo kabla hujatoa pesa. Muuzaji asipojua, upeleke kwa bwana shamba kwanza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.